Siku ya kazi ya kipa Nairobi, kuanzia saa 11 alfajiri

Saa 11:00 alfajiri. Glasi ya maji, kisha dakika kumi za kunyoosha nyonga, mapaja na mabega. Nyonga ndizo hutangulia, kwa sababu kipa mwenye nyonga zilizokaza hashuki upesi kwenye mpira wa chini. Kiamsha kinywa ni uji wa wimbi, mayai mawili na kiazi kitamu. Kutoka nyumbani ni kabla ya saa 12:15. Baada ya hapo barabara ya Outer Ring inajaa magari, na makipa huanza mazoezi nusu saa kabla ya wenzao.

Saa 1:15 asubuhi. Vidole kwanza. Kidole kilichowahi kuteguka hufungwa pamoja na jirani yake kwa plasta, juu na chini ya kiungo, wala si kwenye kiungo chenyewe, ili kiendelee kukunjika. Viganja vya glavu hulowanishwa kidogo kabla ya kuvaliwa, maana lateksi kavu haishiki mpira. Glavu za mechi hubaki nyumbani. Ardhi ngumu ya viwanja vyetu huzila haraka, kwa hivyo mazoezini huvaliwa jozi ya zamani.

Saa 1:30. Kocha wa makipa anaanza na miguu, na hapa ndipo kazi yetu ilipo. Watazamaji hushangilia kuruka, lakini mara nyingi kipa huruka kwa sababu miguu yake ilichelewa kumfikisha mahali pake. Lango lina upana wa mita 7.32. Ukikaa kwenye mstari unaotoka katikati ya lango hadi kwenye mpira, na ukapiga hatua mbili tatu mbele, sehemu ya kufungia inapungua pande zote mbili. Ukizidisha, unachipiwa juu ya kichwa.

Mpira unapopigwa, miguu yote miwili iwe chini, upana wa mabega, uzito mbele ya nyayo. Shuti likimkuta kipa katikati ya hatua, mguu mmoja hewani, hana pa kusukumia. Ndiyo maana kocha hupiga makofi wakati wowote tukiwa tunasogea, na kila kofi ni amri ya kusimama tayari.

Kisha mipira ya pembeni ya kujitupia: sita kila upande, pumziko la sekunde 90, raundi nne. Hatua ya kwanza hukata mbele kwa pembe, kamwe hairudi nyuma. Mkono wa chini ndio unaoongoza. Unatua kwa ubavu wa paja, halafu nyonga, halafu mbavu, mkono mmoja ukiwa nyuma ya mpira na mwingine juu yake, nayo ardhi inamalizia kuubana. Anayetua kwa kiwiko huutema papo hapo, na straika hangoji kualikwa. Hatuzidishi raundi nne, kwa kuwa miguu ikichoka mwili unazoea kuanguka vibaya.

Mpira wa kutambaa hudakwa goti moja likiwa karibu kugusa ardhi, pembeni mwa kisigino cha mguu wa pili, pasiwe na mwanya. Asubuhi nyasi zina umande na mpira unateleza. Pakishakauka, vishimo huanza kuurusha ovyo, na goti hilo ndilo huokoa bao la aibu.

Saa 2:30. Tunajiunga na timu kwa krosi na kona. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi huufanya mpira uende kasi na mbali zaidi, tena bila kupinda sana. Kipa aliyezoea Pwani akipanda huku, krosi humpita juu ya vidole. Wa huku akishuka Mombasa huuwahi mno, ukadondoka mbele yake. Dawa ni kuchelewa nusu sekunde kuamua, kisha kutoka kwa kasi bila kusita, goti moja juu kujikinga, na ukelele mmoja: “Kipa!” Ukiuita mpira, lazima uufikie. Pakiwa na msongamano usidake; piga kwa ngumi mbili, juu na pembeni, usiurudishe katikati.

Tunafanyia mazoezi pia sheria ya 2025: kipa akishika mpira kwa mikono zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona. Zinatosha, mradi umeshamtazama winga wako kabla ya kuudaka.

Saa 4:45. Glavu zinaoshwa kwa maji ya vuguvugu, bila sabuni ya unga. Zinaminywa polepole bila kusokotwa, kisha zinaanikwa kivulini. Jua huikausha lateksi ikapasuka, na ukizihifadhi mbichi viganja vikitazamana, vitagandana na kuchunika.

Saa 7:00 mchana. Ugali, sukuma wiki, samaki. Kulala saa moja.

Saa 10:00 jioni. Video za wapigaji penalti wa timu ijayo. Ni mita 11. Mkwaju wa kilomita 100 kwa saa hufika kwa takriban sekunde 0.4, na ukingoja uuone unakoelekea umeshafungwa. Kwa hivyo daftarini huandikwa mpigaji anaukimbilia mpira kwa pembe gani, mguu wa kusimamia unaelekea wapi, na kama husita njiani. Anayekimbia kwa pembe pana mara nyingi hupiga kuvuka mwili wake. Anayesita anamsubiri kipa ajitupe, kwa hivyo huyo huchelewewa hadi mwisho, sehemu ya mguu mmoja ikiwa bado kwenye mstari kama sheria inavyotaka. Kila mpigaji anapewa mistari miwili tu, kwa sababu dakika ya 88, kelele zikiwa juu, hakuna atakayekumbuka zaidi ya hiyo.

Chakula cha usiku ni saa 1:30, kulala saa 3:00.