La Penya ya Badalona: klabu ya kikapu inayoishi kwa kulea

Tangu ligi kuu ya kikapu ya Hispania ianze mwaka 1957, ni klabu mbili tu ambazo hazijakosa hata msimu mmoja. Ya kwanza ni Real Madrid, na hiyo ina mapato ya mpira wa miguu ya kuibeba pale kikapu kinapoleta hasara. Ya pili ni Joventut ya Badalona, mji wa pwani wenye watu zaidi ya 220,000, ulioshikana na Barcelona kiasi kwamba mgeni huvuka mpaka bila kujua. Joventut haina mpira wa miguu nyuma yake. Ina kikapu peke yake, na jirani tajiri, klabu ya Barcelona, anayeweza kumchukua mchezaji wake yeyote akimtaka.

Kwa klabu ya namna hiyo kukaa juu muda wote huo ni jambo linalostahili kuelezwa vizuri, hasa kwetu tunaopenda kikapu na tunaoona klabu zetu zikizaliwa na kufa kila mdhamini anapoondoka.

Ilianzishwa mwaka 1930 kwa jina la Penya Spirit of Badalona, likifuata jina la ndege ya Charles Lindbergh aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1927. Penya kwa Kikatalani ni kundi la marafiki wanaokutana kwa shughuli wanayoipenda, kama tunavyosema kijiwe au maskani. Baadaye jina rasmi likawa Joventut, yaani ujana, na wakati wa utawala wa dikteta Franco likaandikwa kwa Kihispania, Juventud. Watu wa mjini hawakuacha kuiita La Penya, na hadi leo ndivyo wanavyoiita. Rangi zake ni kijani na nyeusi.

Badalona ilikuwa mji wa viwanda. Kulikuwa na kemikali, pamba na pombe ya anisi iitwayo Anís del Mono, ambayo kiwanda chake kimesimama ufukweni tangu karne ya 19. Reli ya kwanza ya rasi nzima ya Iberia, iliyofunguliwa mwaka 1848 kati ya Barcelona na Mataró, inapita hapo kandokando ya maji. Mji umebanwa kati ya vilima na bahari, na nafasi ya kiwanja cha mpira wa miguu ni ghali. Kiwanja cha kikapu ni mita 28 kwa 15 tu, kinaingia kwenye ua wa parokia au nyuma ya kiwanda. Naamini hilo lilichangia sana. Ushahidi wake ni kwamba Joventut haikuwa peke yake: Círcol Catòlic, klabu iliyotoka katika chama cha Wakatoliki wa mji huohuo, nayo ilipanda hadi ligi kuu miaka ya 1970 ikibeba jina la mdhamini wake wa nguo, Cotonificio. Kocha wake alikuwa Aíto García Reneses. Kumbuka jina hilo, litarudi.

Mtoto wa Badalona wa wakati ule aliweza kuona timu mbili za ligi kuu bila kupanda basi. Ushindani wa mtaa kwa mtaa huzaa makocha wa watoto wengi kuliko mradi wowote wa serikali, kwa sababu kila mtaa unataka kumshinda wa jirani, na bila mwalimu mzuri haushindi.

Tuje kwenye fainali mbili ambazo kila shabiki wa Penya anazijua kwa moyo, kwa sababu zinafundisha kikapu kuliko kitabu.

Aprili 1992, Istanbul, fainali ya klabu bingwa Ulaya. Joventut, bingwa wa Hispania, dhidi ya Partizan ya Belgrade. Partizan msimu huo ilicheza karibu mechi zake zote za nyumbani Fuenlabrada, nje ya Madrid, kwa sababu ya vita Yugoslavia. Kocha wake alikuwa Željko Obradović, aliyekuwa ndiyo kwanza ameacha kucheza. Zikiwa zimebaki sekunde chache, Tomás Jofresa anafunga, 70-68 kwa Joventut. Mpira unaingizwa haraka, Aleksandar Đorđević anaubeba uwanja mzima, anafika upande wa kulia na kuruka akiwa bado kwenye mwendo. Pointi tatu. 71-70.

Watu husema ni bahati. Bahati ipo, lakini angalia hesabu. Ukiongoza kwa pointi 2, kumfanyia faulo mpinzani kunampa nafasi ya kusawazisha kwa mitupo huru, kwa hiyo walinzi wanasita. Ukiongoza kwa 3 faulo inaingia akilini, kwa sababu mitupo miwili haitoshi. Katika ile hali ya pointi 2, kazi ya mlinzi ni kumlazimisha mwenye mpira ageuke. Kila akigeuzwa kabla ya mstari wa kati anapoteza karibu sekunde 2, na wakati huo wenzake wa ulinzi wanapata nafasi ya kujipanga. Đorđević aliachwa akimbie mstari ulionyooka. Anayekimbia hivyo hana haja ya kupiga pasi, na walinzi wanne waliobaki wanakuwa watazamaji. Kosa jingine ni la kibinadamu: timu iliyotoka kufunga bao la ushindi hurudi nyuma kwa furaha, si kwa mpangilio. Makocha wa vijana wanaosoma hapa, lifanyieni mazoezi hili, sekunde 8, uwanja mzima, kila wiki.

Mwaka 1993 Joventut ikafanya jambo la busara. Ikamwajiri Obradović mwenyewe. Aprili 1994, Tel Aviv, wako tena fainalini, baada ya kuitoa Barcelona 79-65 katika nusu fainali. Mpinzani ni Olympiacos ya Piraeus, Ugiriki, nao watu wa bandari. Mchezo ulikuwa wa taratibu mno. Enzi hizo saa ya kushambulia ilikuwa sekunde 30, si 24 kama leo, na Obradović alitaka kila shambulizi litumie karibu muda wote huo. Olympiacos walikuwa na Žarko Paspalj na Roy Tarpley, watu wa kukimbia na kufunga, na njia ya kuwakata makali ilikuwa kuwapunguzia idadi ya mashambulizi. Joventut ikiwa nyuma kwa pointi 1, sekunde chache kabla ya mwisho, mpira ukapasiwa nje ya mstari wa pointi tatu kwa Corny Thompson, Mmarekani mrefu ambaye kazi yake ya kawaida ilikuwa chini ya kikapu. Akapiga pointi tatu, ikaingia, 59-57. Paspalj akaenda kwenye mstari wa mitupo huru na nafasi ya kusawazisha, akakosa. Joventut ikawa bingwa wa Ulaya.

Pointi 59 kwa dakika 40! Wengine wanaudharau mchezo ule. Mimi naona ni kazi safi ya kocha aliyejua kikosi chake hakina mbio za kushindana, akachagua mchezo ambao mbio hazina kazi.

Kabla tu ya fainali hizo mbili mji ulipata ukumbi wake mkubwa. Palau Olímpic ulifunguliwa mwaka 1991 kwa ajili ya Olimpiki ya 1992, ukachorwa na Esteve Bonell na Francesc Rius, na ukapata Tuzo ya Mies van der Rohe ya usanifu wa Ulaya mwaka 1992. Kikapu chote cha Olimpiki ile kilichezwa Badalona, si Barcelona. Ndiko timu ya Marekani ya Jordan, Magic na Bird ilikoifunga Angola 116-48 katika mechi yake ya kwanza. Wengi wanaishia hapo, wakasahau kilichofuata: siku chache baadaye, katika ukumbi uleule, Angola ileile iliifunga Hispania 83-63. Kikosi cha Hispania kilikuwa na Jordi Villacampa na ndugu wawili Rafael na Tomás Jofresa, wachezaji wa Joventut waliokuwa wakicheza nyumbani kwao. Kwa kikapu cha Afrika ni miongoni mwa ushindi mkubwa kabisa, na inafaa watoto wetu waujue kama wanavyomjua Jordan.

Ukumbi wenyewe una viti zaidi ya 12,000, na hapo ndipo lilipo tatizo. Kabla ya hapo Joventut ilicheza ukumbi mdogo wa Ausiàs March, ambako kelele za watu elfu chache zinakaa juu ya kichwa cha mgeni. Ukumbi mkubwa mno kwa klabu ya mji una gharama zisizopungua hata watu wakiwa wachache: taa, kupasha joto wakati wa baridi, walinzi, usafi. Mechi ya kawaida ya katikati ya wiki haijazi nusu. Na timu ya nyumbani inapoteza ile faida ya kubanwa. Klabu inayofikiria kujenga ipige hesabu kwa mahudhurio ya mechi ya Jumatano ya mvua, isipige kwa fainali.

Baada ya 1994 fedha ziliyumba, na nyota mmojammoja akaondoka. Villacampa alibaki. Alianza mwaka 1980 na kustaafu mwaka 1997, klabu moja maisha yote, jezi namba 8 ikawekwa juu, na mwaka wake wa mwisho wakabeba Kombe la Mfalme, kombe la mtoano la Hispania. Kuanzia 1999 hadi 2017 akawa rais wa klabu. Na Aíto, yule wa Cotonificio, akarudi mjini mwaka 2003, mara hii akiwa benchi la Penya kwa kipindi chake cha pili.

Alichofanya Aíto kilikuwa rahisi kukisema na kigumu kukitenda: aliwapanga watoto. Tarehe 15 Oktoba 2005 alimwingiza Ricky Rubio, mtoto wa El Masnou, mji wa pwani hiyohiyo, akiwa hajatimiza miaka 15. Hakuna aliyecheza ligi hiyo akiwa mdogo zaidi. Rudy Fernández alikuwa tayari kiongozi. Mwaka 2006 wakabeba kombe la Ulaya la FIBA, na mwaka 2008 Kombe la Mfalme pamoja na Kombe la ULEB, kombe la pili kwa ukubwa la klabu za Ulaya, ambalo fainali yake waliifunga Girona 79-54. Kijana wa Kinshasa, Christian Eyenga, alipita mikononi mwa klabu hii, na mwaka 2009 Cleveland ikamchagua namba 30 katika drafti ya NBA, ambako timu za ligi ya Marekani huchagua wachezaji wapya kwa zamu.

Mfumo wa kulea unakwenda hivi. Watoto wa chini ya miaka 12 wanacheza mini, kikapu kikiwa mita 2.60 badala ya 3.05, na mpira namba 5. Kanuni zinamtaka kocha ampange kila mtoto, siyo wale watano warefu tu. Baada ya hapo yapo madaraja ya miaka miwili miwili hadi 18. Kosa linaloua vipaji vingi hutokea kati ya miaka 12 na 14: mtoto aliyerefuka mapema anawekwa chini ya kikapu kwa sababu analeta ushindi wa leo. Akifika miaka 17 wenzake wamemfikia urefu, naye hajui kupiga chenga wala kutoa pasi akiwa anakimbia. Suluhisho ni kumwacha kila mmoja apandishe mpira, hata mechi ikipotea.

Shimo la pili lipo kati ya miaka 18 na 20. Kijana ni mkubwa kwa timu ya vijana na mdogo kwa ligi kuu, anakaa benchi na kuoza. Joventut ililiziba kwa kushirikiana na klabu ya Prat, upande wa pili wa Barcelona, iliyocheza madaraja ya chini. Kijana anakwenda kucheza dakika 25 dhidi ya watu wazima wanaomsukuma, badala ya dakika 2 mbele ya kamera. Shimo hili limepanuka siku hizi, kwa sababu vyuo vikuu vya Marekani sasa vinalipa wachezaji, na kijana wa miaka 19 anaweza kuondoka na klabu ikabaki mikono mitupu.

La tatu ni mkataba. Rubio alipochaguliwa namba 5 na Minnesota mwaka 2009, ada ya kuvunja mkataba wake ilikuwa mamilioni ya euro. Kanuni za NBA wakati ule ziliruhusu timu kulipa dola 500,000 tu, kilichobaki kinatoka mfukoni mwa mchezaji. Ada ikiwa kubwa kupita anachoweza kulipa, kinachofuata ni mvutano ambao hakuna anayeshinda. Mwisho akaenda Barcelona, iliyolipa zaidi ya euro milioni 3. Jirani akafaidi, lakini Penya nayo ikapata fedha za kupumua. Mwaka 2025 Rubio, baada ya miaka yake ya NBA, alirudi kuvaa kijani na nyeusi.

Ukienda, panda metro ya L2 na ushuke Gorg, Palau ni mwendo mfupi wa miguu. Lakini fika mapema, kwa treni ya R1 kutoka Plaça Catalunya, ukae upande wa kulia ambako bahari ipo. Shuka kituo cha Badalona. Jumba la makumbusho liko juu ya mji wa Kirumi wa Baetulo, na unatembea chini ya ardhi katika barabara na bafu zao zenyewe. Kisha fuata ufuko hadi kiwanda cha anisi na Pont del Petroli, gati la mita 250 hivi lililojengwa kwa kushushia mafuta, ambalo dhoruba ya Gloria ya Januari 2020 ililivunja sehemu. Ukifika usiku wa tarehe 10 Mei utakuta watu wamejaa mchangani wakichoma sanamu kubwa ya shetani. Mwezi huo msimu wa ligi unaelekea ukingoni, kwa hiyo tazama ratiba kabla ya kukata tiketi ya ndege, unaweza kupata vyote viwili katika wiki moja.