Daftari la Hasira Zangu

Bukavu, Jumapili jioni.

Mvua za Septemba zimeanza, na huku kwetu Kadutu kila mtu amerudisha blanketi la pili kitandani isipokuwa mimi. Nina miaka 49, na kwa mwaka mmoja na nusu sasa huamka saa nane za usiku shingo na kifua vimelowa jasho, katika mji huu ulioinuka karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako wageni kutoka Uvira hufika wakitetemeka. Mimi hufungua dirisha. Papa Ushindi, mume wangu, anayeogopa wezi kuliko anavyoogopa malaria, hulifunga. Nami hulifungua tena. Watu wakiniuliza habari za umri huu wa kukoma hedhi huwasimulia vita hivyo vya dirisha, kwa kuwa vinachekesha. Ya asubuhi inayofuata siwasimulii.

Jasho lenyewe ningelivumilia. Kilichonitisha ni kwamba nilianza kuwa mtu nisiyemfahamu. Mwezi wa Machi binti yangu aliunguza sambaza, nami nikamfokea kwa maneno ambayo hata marehemu mama, aliyekuwa mkali, hakuwahi kunitamkia. Kisha nikajifungia chumbani na kulia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Yote hayo kwa fungu moja la samaki. Darasani, ambako nimefundisha miaka 23, nilipotewa na neno katikati ya maelezo, nikamwona mwanafunzi mmoja akitabasamu, na ghadhabu iliyonipanda ilinifanya nitoke nje nisimame ukumbini hadi mikono ilipoacha kutetemeka. Siku nyingine hasira haikuja, ikaja hofu tupu: nimekaa nachambua maharage, na moyo unadunda bila sababu yoyote.

Hilo la kusema hakuna sababu ndilo lililonichanganya, maana mji wetu una sababu za kutosha za kumliza mtu. Tangu Februari 2025, mji ulipobadili mikono, ukaingia katika mikono ya waasi wa M23, na benki zikafungwa, hakuna anayeshangaa kumkuta jirani yake ameinama. Kila niliyemdokezea alinijibu, «Mama, sisi wote tuko hivyo.» Walisema kweli, na hawakuwa na nia mbaya, lakini jibu hilo lilinichelewesha kwa miezi mingi. Huzuni ya mji iliifunika ya mwili wangu, hata nisijiulize kwa nini zangu zilikuja kwa siku tano au sita kisha zikatoweka, ilhali hali ya mji ilikuwa ile ile juzi, jana na leo.

Aliyejiuliza ni muuguzi mmoja mtu mzima, katika kituo cha afya nilikokwenda kwa ajili ya kuumwa kichwa. Hakunigusia mambo ya mji hata kidogo. Aliniuliza, «Mama, hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini, na usiku unalala vipi?» Swali la kwanza lilinishinda. Ndipo akanieleza kwamba mwanamke huhesabiwa amefikia ukomo wa hedhi, yaani menopozi, baada ya kukaa miezi 12 mfululizo bila kuona damu, na kwamba wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Lakini msukosuko mkubwa wa moyo mara nyingi huwa katika ile miaka inayotangulia, kwa sababu homoni ya estrojeni haishuki taratibu. Mimi nikiifikiria namwona mtu anayeteremka mlima wa Kadutu wakati wa mvua: anateleza, anajishika, anapanda hatua mbili, anateleza tena. Homoni hiyo hufanya kazi hata ubongoni, ambako husaidiana na serotonini, kemikali ya ubongo, katika kuituliza hali ya moyo, kwa hiyo ikiyumba, moyo nao huyumba. Na mtu asiyelala hana cha kujishikia.

Kisha akaniuliza kama niliwahi kupatwa na huzuni nzito baada ya kujifungua. Nilinyamaza. Baada ya mtoto wa pili nilikaa wiki kadhaa nisitake kumtazama usoni, na nyumbani tuliita uchovu. Kumbe mwanamke aliyewahi kupitia hali kama hiyo yuko katika hatari zaidi ya kuzama tena kipindi hiki. Nilitoka pale nimeagizwa kupima damu na tezi ya thairoidi, ambayo ikiharibika huiga mambo haya haya, na nimeonywa kwamba huzuni ikikaa wiki mbili bila kuondoka, au nikianza kuona afadhali nisingekuwapo, nisisubiri miadi. Dawa za homoni zipo, nazo hupunguza joto la usiku, lakini si za kila mtu. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kwa mfano, kwa kawaida hapewi. Mimi sijazianza, nataka kwanza niongee na daktari.

Nilichoanza nacho ni daftari la kurasa 48, lenye tarehe, saa nilizolala, damu, na moyo. Baada ya miezi mitatu lilinionyesha jambo ambalo nisingelikubali kwa kuambiwa: karibu kila siku ya ghadhabu ilifuata usiku niliolala chini ya saa nne. Kwa hiyo nimeacha kahawa ya alasiri (kwa mtu wa Kivu si sadaka ndogo), nalala na kikwembe chepesi cha pamba, na jioni natembea kwa miguu kutoka Nyawera badala ya kupanda pikipiki. Shangazi yangu wa Walungu aliposikia alicheka: enzi zao, alisema, mwanamke akishikwa na hali hiyo alichukua jembe akaenda kuipiga ardhi mpaka jua litue. Nadhani na yeye alikuwa akinitajia dawa.

Kazi ngumu ilikuwa kusema nyumbani. Nilimwita Papa Ushindi kando ya meza, nikafungua daftari, nikamsomea kama ninavyosoma alama za mtihani. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, «Kwa hiyo si mimi?» Mwaka mzima alikuwa akiamini kwamba nimemchoka. Nilimjibu kwamba si yeye, ingawa zipo siku ambazo ni yeye kweli, na hizo nimezitia alama tofauti. Binti yangu nilimwomba msamaha kwa yale maneno ya sambaza. Siku hizi ananitazama asubuhi na kuuliza, «Mama, ulilala?» kabla hajaniomba chochote.

Dirisha sasa lina wavu wa chuma, Papa Ushindi aliuagiza kwa fundi.

Nilikuwa nimefikisha miezi minane bila kuona damu, na nilikwisha kuanza kujiona nimevuka. Leo, katikati ya misa, damu imerudi. Ingekuwa baada ya miezi 12 kamili ningelazimika kwenda hospitali, muuguzi alinisisitizia hilo. Kwa miezi minane, hesabu inaanza upya tu. Nimefungua ukurasa mwingine, nikaandika tarehe ya leo, na kwenye safu ya moyo nikaandika kwamba nimecheka peke yangu njia nzima kutoka kanisani.