Elfu moja na mia tano

Jamani usingizi hauji, na wala sio kwa sababu ya kikao cha baraza la kata cha ndoa yangu (kimepita, hatujapatana, kinachofuata ni mahakama, basi), ni luku, huu umeme wa kununua kabla ya kutumia.

Wa siku nyingi mnajua hapa kwetu Tandika mita ni moja nyumba nzima. Mbele mama mkwe na wifi, katikati wapangaji, uani mimi na wanangu kwenye vile vyumba viwili. Umeme tunanunua kwa zamu. Sasa tangu mume wangu Baba Karimu ahame, sijui nani kapanga, zamu yangu ikawa inaangukia tarehe moja, kila mwezi tarehe moja, na anayenunua wa kwanza mwezi ukianza ndo anakatwa kodi ya jengo. Unaweka elfu kumi, 1,500 inaondoka hapo hapo, badala ya uniti 28 zinakuja 23 na pointi. Miezi minne nimenyamaza. Jumatano nikamwambia wifi, kwa upole kabisa, niko kwenye mbuzi nakuna nazi hata uso sijainua, wifi mwezi huu tubadilishane, hiyo ya jengo mlipe nyie wenye jengo.

Wifi hakujibu. Aliyejibu ni mama, kakaa mlangoni anapepeta mchele, na ungo hakuusimamisha. "We Mama Karimu, hapa uliolewa, hukujenga."

Hukujenga!

Nimeibeba hiyo kauli wiki nzima. Kwenye daladala ninayo, nafua ninayo, leo kazini nimekata kitambaa cha sare ya watu upande mmoja mara mbili, mikono miwili yote ya kulia. Hapa uliolewa. Hukujenga. Hivi vile vyumba viwili 2019 viliota kama uyoga? Hela ya kikoba ile, tofali nilikuwa nazihesabu mwenyewe zinashushwa kwenye kirikuu, na mama huyu huyu ndo alikuwa akimpelekea fundi chai na chapati! Risiti sina. Nani anaandikishana na mama mkwe, utaanzaje kwanza.

Yule dada msaidizi wa kisheria alinipa moyo mwanzoni, akasema sheria ya ndoa ya 1971 kifungu cha 114 mahakama inagawa mlichochuma pamoja, na kuanzia kesi ya Bi Hawa Mohamed 1983 hata kazi za nyumbani zinahesabika mchango. Nikachangamka, nikaanza kumhesabia na mabati. Akauliza, leseni ya makazi ina jina la nani? Nikasema la marehemu baba mkwe. Akaifunika kalamu yake.

Jibu zuri la kumpa mama lilinijia usiku wa saa tisa, siku mbili zimepita. Mama, kama sikujenga, kodi ya jengo nalipia nini? Nikalisema kwa sauti kule gizani, Shadya akageuka akasema nini mama, nikamwambia lala.

Sasa jana. Mvua ile, saa nne usiku luku ikaisha, na nyumba nzima kimya, kila mtu anamsubiri mwenzie anunue. Mimi nimelala na simu kifuani, nasema leo sitoi mia. Mara nasikia mama, "Mama Karimu, una tochi?" Wifi hakuwepo. Nikaenda. Nimemkuta kasimama na beseni mkononi anatafuta panapodondoka, nikammulikia, tukaweka beseni, tukaweka na sufuria, matone yanagonga ti ti ti. Anaangalia juu. Akaniuliza, "Huko kwako panavuja?"

"Hapavuji mama."

"Lazima pasivuje," akasema. "Bati lako geji 28 lile. Nilimwambia baba yenu haya ya huku membamba, hakusikia."

Bati lako! Sikujibu kitu, nimekaza mdomo nisicheke mbele ya mtu mzima, na sidhani kama alijisikia alichosema. Nikanunua ya elfu mbili, umeme ukarudi, akaniambia ahsante mwanangu kaizime na taa ya uani inakula.

Tarehe moja ni Jumapili na sijui nafanyaje.

Halafu Shadya, jino jipya linaota nyuma ya lile la utoto, limechomoza kabisa, na la mbele nimelishika halichezi hata kidogo. Mliopitia hili, linang'olewa au linaachwa lenyewe?