Vishada Viwili vya Zabibu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekwama kwenye 1 Samweli 30, na sijakwama kwa Daudi. Nimekwama kwa yule kijana wa Misri aliyeokotwa porini. Habari mnaijua: Waamaleki wameichoma Siklagi, wamebeba wake na watoto, na njiani wakamwacha mtumishi wao kwa kosa la kuugua. Siku tatu hajala wala kunywa. Msafara ulikuwa na haraka.

Tuko Novemba, mwezi wa kuweka mashada kwenye makaburi ya askari, na kijana huyu ana ndugu wengi hapa kwetu. Anayeshuka Kariakoo, Dar es Salaam, au Kariokor, Nairobi, anataja jina la jeshi pengine bila kujua. Ni Carrier Corps, kikosi cha wabebaji wa jeshi la Waingereza katika vita ya 1914 hadi 1918, kama vinywa vya wazee wetu vilivyolitamka. Waliandikishwa wanaume wanaokaribia milioni moja, wengi kwa nguvu, hasa mwaka 1917. Waliokufa walikaribia 100,000, na huenda wakazidi. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na kichomi, mbali na kwao, Rufiji na kusini zaidi hadi Msumbiji. (Wajerumani nao walikamata wabebaji wao, na hali yao haikuwa nafuu.)

Kwa nini mtu na si punda? Kwa sababu ya mbung'o. Farasi na nyumbu walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o, na malori yalizama kwenye tope, ikabaki mabega ya binadamu. Sasa pigeni hesabu. Mtu akibeba kilo 25 za unga, naye ale kilo moja kwa siku, akienda siku 10 na kurudi siku 10 amekula kilo 20. Anayemsubiri mbele anapata kilo 5. Kwa hiyo kadiri jeshi lilivyosogea mbali na reli, ndivyo wabebaji walivyoongezwa, na ndivyo posho ya kila mmoja ilivyopungua.

Posho yenyewe ndiyo iliyoua. Ulikuwa unga wa mahindi, mara nyingi umesagwa vibaya, pumba na chenga zimo. Unga wa namna hiyo unataka maji mengi, moto wa kutosha na muda. Mbebaji amefika usiku, kuni zimelowa, sufuria ni chache na watu wengi, basi anakula ugali mbichi. Tumbo lililozoea ndizi, mtama au maziwa halihimili. Linawaka, linaanza kuhara, na maji ya kunywa ni ya mto ule ule ambao wenye kuhara wameupitia asubuhi. Waliotoka nyanda za baridi walikuwa hawajaizoea malaria ya mabondeni. Blanketi moja likilowa masika, kichomi kinaingia. Funza miguuni anamalizia kazi, kwa maana asiyeweza kutembea huachwa nyuma.

Hapo ndipo wapendwa tutazame walichofanya watu wa Daudi. Walimpa mkate, akala. Wakampa maji. Wakampa kipande cha mkate wa tini na vishada viwili vya zabibu. Roho yake ikamrudia, ndipo Daudi akamwuliza: wewe ni mtu wa nani? Chakula kwanza, maswali baadaye! Na Daudi alikuwa na kila sababu ya kuharakisha. Wake zake wawili walikuwa mateka.

Sisi tumepindua mpangilio. Mgonjwa akiletwa habari zake, tunauliza kwanza: ni wa jumuiya gani? Kadi yake ya zaka ikoje? Mara ya mwisho alionekana lini ibadani? Tukimaliza maswali tunatuma ujumbe wa "pole, tunakuombea" na tunaahidi kufika. Akifa, michango inapatikana kwa siku mbili, turubai, sufuria na gari vyote vipo! Nawaambieni kwa upendo, hiyo ni aibu. Sufuria za msiba zilikuwapo alipokuwa hai.

Basi mwendee na kitu mkononi. Kama anaharisha na hakuna pakiti ya dawa ya maji na chumvi, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia sukari vijiko vya chai sita vya usawa na chumvi nusu kijiko cha chai. Usizidishe chumvi, ni hatari, hasa kwa mtoto. Anywe kidogo kidogo. Akitapika, subirini dakika 10 muanze tena taratibu. Chakula kisikatishwe, uji laini ulioiva vizuri unafaa. Mkiona damu chooni, macho yamezama, mkojo umekatika au amelegea, ni hospitali saa hiyo hiyo, maombi yaendelee garini.

Jambo la pili nalisema kwa kifupi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina. Mnara wa askari wa Nairobi unawataja wabebaji kuwa miguu na mikono ya jeshi, ila majina yao hauna. Daudi alipogawa nyara alisema anayekaa na vyombo apewe sawasawa na anayeshuka vitani. Katibu wa kila jumuiya aandike wagonjwa wetu wa muda mrefu: majina matatu, kijiji alikotoka, simu ya ndugu, na tarehe aliyotembelewa mara ya mwisho.

Yule Mmisri naye Biblia haikumtaja jina. Ila vishada vya zabibu vilihesabiwa.

Jumamosi saa tatu asubuhi tukutane kanisani, kila mtu na unga wake, uliosagwa vizuri.