Swali la Baba

Kisumu, Jumanne usiku

Leo baba ameniuliza tena. Tulikuwa tumekaa nje ya nyumba huku Dunga, upepo wa ziwa ukivuma, naye ameshika kikombe cha uji ambacho hakukimaliza. "Mama, kwani nilikula nini?" Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Tangu jirani amwambie kuwa samaki ndio wanaoleta saratani ya utumbo, hajamgusa samaki, yeye aliyelelewa na ziwa hili.

Kabla saratani yake haijagunduliwa, miezi saba alitibiwa bawasiri. Kila alipotaja damu chooni alipewa dawa ya kupaka akarudishwa nyumbani. Hilo linaniuma hadi leo.

Usiku huwa nasoma. Nilidhani saratani ni kitu kinachomwingia mtu, kumbe ni seli zake mwenyewe. Ngozi ya ndani ya utumbo hujifanya upya kila baada ya siku chache, kwa hiyo seli lazima zijue lini zigawanyike na lini zikome. Jeni ya APC ndiyo breki: husaidia protini ya beta-katenini ivunjwe. Katika saratani nyingi za utumbo mpana, APC huharibika mapema. Beta-katenini hurundikana, huingia kwenye kiini cha seli, hushikana na TCF, kisha MYC huwashwa. TCF na MYC ni protini za unukuzi. Hukaa juu ya DNA na kuamua jeni ipi inakiliwe.

Halafu kuna mikroRNA (kwa kifupi miR), vipande vya RNA, yaani nakala za jeni, vya herufi 22 hivi, visivyotengeneza protini yoyote. Kazi yao ni kuunasa ujumbe uliokwisha kutoka kwenye jeni na kuunyamazisha. Cha kwanza kilielezwa mwaka 1993 na Victor Ambros na Gary Ruvkun, ndani ya mnyoo wa milimita moja tu! Tuzo ya Nobel waliipata 2024.

Kinachoninyima usingizi ni jinsi pande hizi mbili, protini za unukuzi na mikroRNA, zinavyobanana. MYC huliwasha kundi la miR-17-92, na seli huzidi kuzaana. Kwa upande mwingine p53, mlinzi wa seli, huiwasha miR-34, inayoikandamiza SNAIL, protini nyingine ya unukuzi. SNAIL nayo huikandamiza miR-34. Ndivyo ilivyo kati ya miR-200 na ZEB1, nayo protini ya unukuzi: anayetangulia humfunga mwenzake mdomo. ZEB1 ikishinda, seli huachana mikono na kupata njia ya kwenda mbali, mara nyingi kwenye ini. Picha za baba zilionyesha ini safi. Nilipoisoma sehemu hiyo nilifunga simu nikaomba, nikiitaja miR-200 kwa jina.

Dawa ya kuigiza miR-34 ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani, lakini mwaka 2016 jaribio likasimamishwa kwa sababu ya madhara makali. Nilihuzunika kama niliyefiwa na mtu ninayemjua.

Leo sikunyamaza. Nilimwambia, "Baba, ni breki iliyokatika ndani ya seli. Hakuna sahani hata moja ninayoweza kukuonyesha nikasema ni hii. Na samaki hana hatia."

Alitazama ziwani kwa muda mrefu. "Hata ngege?"

"Hata ngege, baba."

Kesho alfajiri nitashuka ufukweni kabla mashua hazijamaliza kuuza.