Siku Tatu Baada ya Kiapo

Jumapili ya Pasaka ya mwaka 2012, baba yangu alisimama mbele ya waumini wa kanisa letu Kisauni, Mombasa, akaweka mkono kifuani na kuapa kwamba hatagusa pombe tena. Mama alilia mpaka leso yake ikalowa. Mimi nilikuwa na miaka 19, na tangu utotoni ndiye niliyetumwa kumfuata usiku mangweni, kwenye vilabu vya pombe, kwa hiyo siku hiyo nilijiona kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani. Tulirudi nyumbani tukiimba.

Baba alikuwa dereva wa lori, akibeba makontena kutoka bandari ya Kilindini. Alianza na mnazi, yaani tembo la minazi, kama wanaume wengi wa kwetu. Tembo likishushwa asubuhi huwa tamu, hata mtoto huonja; kufikia jioni limechachuka na kushika makali, sawa na bia. Kazi ilipomtoka akahamia chang'aa, ambayo ukiuziwa hujui nguvu yake wala kilichotiwa ndani. Miaka miwili ya mwisho hakupitisha siku hata moja bila kunywa. Ajabu ni kwamba hatukumwona akipepesuka tena. Aliamka mikono ikimtetemeka, akatoka kwenda "kutoa loki", yaani kunywa kidogo ya kujituliza, kabla ya chai, akarudi ametulia, anaongea vizuri, hata kalamu anaishika sawasawa. Mama akasema siku hizi anajizuia. Hapo ndipo tulipopotea. Mwili wake ulikuwa umeshafika mahali ambapo pombe ndiyo iliyomfanya aonekane mzima.

Jumatatu asubuhi akatangaza, "Siku ya kwanza!" na sote tukapiga makofi. Kufikia adhuhuri kikombe cha chai kilikuwa kinagonga meno yake. Jasho lilimtoka kama mtu aliyeshuka kutoka kupakia saruji, na chakula hakikukaa tumboni. Mama alisema uchafu unatoka, tumwache utoke wote. Jioni baba akaniita chumbani. Hakuwahi kuniomba kitu maishani kwa sauti ile.

"Mwanangu, niletee kidogo tu. Nusu glasi. Sijisikii vizuri."

Nikamwambia, "Baba, uliapa." Nikatoka, nikafunga mlango kwa nje na kutia ufunguo mfukoni. Nilifanya hivyo kwa mapenzi, na kwa fahari pia. Niliona mtetemeko ule ni shetani wa pombe anayekata roho, na mimi nimepewa kazi ya kumlinda baba asije akamfufua.

Usiku tulisikia kishindo. Nilipofungua nilimkuta sakafuni, macho yamepinduka, mwili mzima ukikakamaa na kurusharusha miguu. Alikuwa amejiuma ulimi. Kifafa hakijawahi kuwa kwetu. Kilipokoma akalala fofofo, na asubuhi hakukumbuka chochote.

Jumanne nyumba ilijaa watu. Wazee wa kanisa waliomba, wakasema pepo wa ulevi hatoki bila kumwangusha mtu. Jirani mmoja alileta kombe kwenye chupa, maji yaliyooshea maandishi ya aya, kwa nia njema kabisa. Mjomba akataka twende kwa mganga. Katika watu wote wale, na mimi nikiwemo, hakuna aliyetaja hospitali, kwa sababu baba hakuwa amekunywa kitu. Mgonjwa wa pombe tulidhani ni yule aliyelewa.

Giza lilipoingia akaanza kupangusa siafu ukutani. Ukuta ulikuwa mweupe, hauna hata mbu. Akaongea na utingo wake wa zamani, aliyekwisha kufa, akimwelekeza kufunga turubai. Nilipomshika mkono ulikuwa moto, na mapigo ya moyo yalionekana shingoni. Mama alianza kulia kilio cha msiba.

Aliyetuokoa ni bibi wa nyumba ya nyuma, muuguzi mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkunga. Alipiga hodi akiwa amejitanda kanga juu ya dera, akasimama kando ya kitanda kidogo tu, kisha akanigeukia.

"Mara ya mwisho babako alikunywa lini?"

"Jumapili asubuhi, Bibi. Alikunywa ya kuagia, kabla ya ibada. Ameacha kabisa."

"Na alikuwa akinywa kila siku?"

"Kila siku."

"Tafuta tuktuk. Sasa hivi, usingoje kupambazuke."

Mvua ya masika ilikuwa inapiga. Tulimkalisha katikati, mimi na mama tumemshika kila upande. Tulipofika Daraja la Nyali taa za ng'ambo zilimetameta juu ya maji, naye akadhani ni lori linatujia usoni. Alikanyaga sakafu ya tuktuk kwa mguu wa kulia, kwa nguvu zote, akipiga kelele, "Breki! Breki hazishiki!" Mpaka leo nikivuka daraja lile usiku hushika kitu kilicho karibu.

Hospitalini sista alimtoboa kidole kupima sukari, na daktari, kijana ambaye hakunizidi sana umri, akauliza swali lile lile la Bi Mkunga. Akampiga sindano ya diazepamu, dawa ya kutuliza, akangoja, akaongeza nyingine. Dripu ya sukari ilikuwa imetundikwa lakini hawakuifungulia, nami nikapandwa na hasira. Daktari akasema lazima itangulie vitamini B1. Mtu anayekunywa miaka mingi bila kula vizuri humaliza akiba yake, maana pombe pia huzuia utumbo usiifyonze, na ukimmiminia sukari kabla ya vitamini hiyo ubongo unaweza kuumia na kumbukumbu isirudi tena. Nikanyamaza.

Baada ya saa moja hivi baba akatulia, na daktari akaja kukaa nami kwenye benchi. Akaniuliza kama nimewahi kucheza kuvuta kamba shuleni. Akasema pombe huulaza ubongo; kila siku inauvuta upande wake. Ubongo nao haukubali kulala, kwa hiyo unajifunza kuvuta upande wa pili, kila mwaka kwa nguvu zaidi, mpaka pande mbili zikawa sawa na mtu akaonekana ametulia. "Sasa nyinyi mmeikata pombe Jumapili. Upande mmoja umeachia kamba, na huu mwingine bado unavuta vile vile." Ndiyo maana ya mtetemeko, jasho, kifafa, na mwishoni zile siafu. Hali hiyo ya mwisho huitwa deliriamu tremensi, mara nyingi huanza siku ya pili au ya tatu baada ya kuacha, na mtu asipotibiwa inaweza kumuua. Dawa wanazompa hufanya kazi ya kuilegeza kamba polepole.

Nilimwuliza jambo lililokuwa limenikaba koo. "Kwa hiyo ningempa ile nusu glasi?"

Akanitazama kwa muda. "Ungemleta hapa," akasema.

Sikuweza kujibu. Ufunguo ulikuwa bado mfukoni.

Si kila mnywaji hupatwa na haya. Anayekunywa glasi mbili mwisho wa wiki anaweza kuacha leo na asihisi kitu. Lakini kwa anayekunywa kutwa, aliyezoea kuamka akitetemeka, siku ya kuacha ni siku ya kwenda kwa daktari. Kiapo cha baba kilikuwa cha kweli, na kilihitaji muuguzi kando yake. Pale kanisani hakuna aliyemwuliza anakunywa kiasi gani, nasi tuliokijua kiasi hicho hatukujua kwamba ni jambo la kusema.

Kesho yake daktari alimbonyeza baba chini ya mbavu za kulia na kunionyesha ini lilipofika, limeshuka kuliko linavyopaswa. Ini ndilo linalobeba kazi ya kuivunja pombe, kwa mwendo wake lenyewe. Kahawa nyeusi na maji baridi haviliharakishi. Linapoivunja, kwanza hutoka sumu iitwayo asetaldehaidi, ambayo huumiza chembechembe za mwili, na ni mojawapo ya sababu pombe huleta saratani ya mdomo, koo, umio na ini lenyewe. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka pombe kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu mwaka 1988. Mimi sikuwahi kulisikia hilo mangweni wala darasani. Ini la baba, daktari alisema, huenda limejaa mafuta, na akiacha kabisa mafuta hayo yanaweza kuisha. Akiendelea ini linaweza kuota kovu, na kovu likishaenea halirudi kuwa ini. Alivyosema "huenda" niliishikilia kama boya.

Alhamisi na Ijumaa baba alilala zaidi kuliko kuamka. Mama alikuja na uji wa mtama kwenye chupa ya chai, nami nikamnywesha kwa kijiko.

Jumamosi asubuhi nilimkuta amekaa, mgongo ukutani, anatazama dirishani. Alichukua kikombe cha uji mwenyewe, kwa mikono miwili. Kilitetemeka kidogo, hakikumwagika.

"Mlango ulifunga wewe?" akaniuliza.

"Ni mimi, Baba. Nisamehe."

Akanywa, akanyamaza, akapangusa mdomo.

"Leo ni siku gani?"

"Jumamosi."

Akaweka kikombe chini, akaanza kuhesabu kwenye vidole, polepole, akianzia Jumatatu. Alipofika kidole cha sita akakishika, hakukiachia.