Kidole cha Bibi Kalenga

Juzi mwanangu wa darasa la tano alirudi na kazi ya nyumbani: chagua picha moja inayosimulia historia ya nchi yetu. Yeye ameshachagua ile ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar, mwaka 1964. Mimi akili ilikuwa imeshafika Kalenga, kule Iringa, kwenye safari ya zamani niliyokwenda na Bibi.

Safari yenyewe haina mengi. Daladala ilijaa, vumbi jekundu, Bibi akisalimia kila mtu "kamwene" kana kwamba gari ni lake. Makumbusho tukakimbilia kabati la kioo lenye fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Mwongozaji akatueleza kwamba kule Bremen, Ujerumani, kulikuwa na mafuvu kama 2,000, Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, akaenda mwenyewe kupima na kulinganisha, hadi akalichagua hili.

Bibi hakuwepo kabatini. Alikuwa amesimama mbele ya picha ya nyeusi na nyeupe ukutani, ya siku fuvu liliporudishwa mwaka 1954. Mbele wakubwa, Twining na Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa ambaye baadaye tulimjua kama Spika. Nyuma yao umati. Bibi alivaa miwani yake yenye mkono mmoja uliofungwa uzi, akaanza kutembeza kidole juu ya kioo, kichwa kimoja kimoja, taratibu, midomo ikicheza kama anayechambua mchele. Kidole kikasimama kwenye doa jeupe lisilozidi punje ya ulezi.

"Mimi huyo."

Nikainama. Niliona doa.

"Umejuaje, Bibi?"

"Nilisimama karibu na mti. Huu si mti?"

Mti ulikuwepo kweli.

Mhudumu akatusogelea. "Shikamoo Bibi. Samahani, kioo hakiguswi."

"Marahaba. Sigusi kioo, mwanangu. Najigusa mwenyewe."

Njiani kurudi, mjomba tuliyekuwa naye alicheka sana. Kwa hesabu zake, mwaka huo Bibi alikuwa Mufindi akichuma chai. Bibi alimwacha amalize, tukapita hata njia ya Tosamaganga, ndipo akasema: "Mzungu kachagua fuvu moja katika elfu mbili, umeitikia. Mimi nimechagua doa moja, unanicheka."

Mjomba akanyamaza hadi mjini.

Mwanangu amebaki na udongo wake. Ndiyo picha ambayo mwalimu anaitegemea. Ila kabla ya kulala akauliza kama lile doa bado lipo. Nimesema tutaenda kuangalia. Sikumwambia ninachohofia, kwamba huenda lilikuwa kwenye kioo, na wameshalifuta.